Toyota RAV4 kizazi kwa kizazi: kilichoongezwa na kilichoachwa njiani

Anayetafuta RAV4 hukutana na magari sita tofauti yanayobeba jina moja, kuanzia kigari cha milango mitatu kilichoingia sokoni mwaka 1994 hadi gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja, lililozinduliwa mwaka 2025, na kwa kuwa jina halikubadilika ni rahisi kudhani kwamba hata tabia ya gari imebaki ile ile. Tabia imebadilika sana. Ndiyo maana tathmini hii inafuata historia ya gari hilo badala ya kusifia toleo moja tu, kwani kila toleo lina ubora na udhaifu unaotokana na jambo ambalo wahandisi waliamua kuliongeza au kuliacha, na mnunuzi asiyelijua jambo hilo huishia kulilaumu gari kwa kushindwa kazi ambayo halikuundwa kuifanya.

Katika miaka ya 1980, gari la fowili lilikuwa kwa kweli lori dogo lililovalishwa bodi nzuri. Chini kulikuwa na fremu nzito ya chuma, nyuma kulikuwa na ekseli moja iliyounganisha magurudumu yote mawili, na dereva alilazimika kuchagua mwenyewe kwa rungu ni wakati gani magurudumu ya mbele nayo yapokee nguvu ya injini. Hata Suzuki Escudo ya mwaka 1988, ambayo nje ya Japani wengi waliifahamu kwa jina la Vitara na ambayo ilionyesha kwamba kuna watu wanaotaka fowili ndogo ya mjini, ilikuwa bado imekaa juu ya fremu. Magari ya namna hiyo huvumilia mateso porini, lakini kwenye lami huruka-ruka, huyumba kwenye kona na hunywa mafuta kupita kiasi ukilinganisha na udogo wake.

Toyota ilionyesha njia nyingine katika maonyesho ya magari ya Tokyo mwaka 1989, ilipoleta gari la majaribio lililoitwa RAV-FOUR. Ilipita miaka karibu mitano kabla ya gari lenyewe kuuzwa, na lilipotoka mwezi Mei 1994 chini ya mhandisi mkuu Masakazu Nonaka, lilikuwa na urefu wa milimita 3,695 tu na umbali wa milimita 2,200 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Herufi za jina lake zilisimama badala ya maneno yenye maana ya gari la burudani na harakati, na namba 4 ilihusu magurudumu manne yanayopokea nguvu. Halikuwa na fremu, bodi yenyewe ndiyo iliyobeba kila kitu. Injini ya lita 2.0, ile 3S-FE iliyokwisha kuzoeleka katika magari madogo ya kawaida ya Toyota, ililazwa kwa upana mbele, na kila gurudumu lilipewa springi na shokapu yake bila kuunganishwa na la upande wa pili kwa ekseli nzima.

Mara nyingi husemwa kwamba hii ndiyo krosova ya kwanza duniani, yaani gari lenye umbo la fowili lakini lililojengwa kama gari la kawaida bila fremu. Siafiki moja kwa moja. Lada Niva ya Urusi ya mwaka 1977 haikuwa na fremu tofauti na ilisukuma magurudumu yote manne wakati wote, na nchini Marekani kampuni ya AMC ilikwisha kuchukua gari la kawaida la familia, ikaliinua, ikaliwekea mfumo wa fowili na kuliita Eagle. Sifa ya Toyota ni kwamba ilikusanya mambo yote kwa pamoja katika gari dogo na jepesi, lililotengenezwa kwa vipuri ambavyo tayari vilikuwa vikizalishwa kwa wingi kwa ajili ya magari mengine, kwa hiyo bei yake ikawezekana na fundi aliyelifungua kwa mara ya kwanza hakukuta kitu kigeni ndani yake. Baada yake Honda ilitoa CR-V mwaka 1995, Subaru ikatoa Forester mwaka 1997, Land Rover ikatoa Freelander mwaka huo huo, na Nissan ikafuata na X-Trail mwaka 2000.

Inafaa kuangalia kwa karibu mfumo wa fowili wa RAV4 ile ya kwanza, kwa sababu hakuna kizazi kilichofuata baada ya cha pili kilichokuwa nao. Katikati ya mfumo kulikuwa na difu iliyogawa nguvu kati ya mbele na nyuma muda wote gari linapotembea, bila dereva kufanya lolote, na ni mpangilio wa jamii moja na ule uliotumika katika Celica GT-Four, gari la Toyota lililokuwa likitamba katika rali za dunia. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma, na difu hiyo ndiyo inayoruhusu tofauti hiyo bila mfumo kujikaza. Udhaifu wake ni kwamba gurudumu moja likikosa mshiko kwenye tope, nguvu yote hukimbilia huko huko. Kwa hiyo katika magari ya gia za mkono Toyota iliweka kitufe kwenye dashibodi cha kuifunga difu ya kati, ili angalau gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yaendelee kuvuta. Dereva hukibonyeza akiwa amesimama au anatembea polepole, hutoka kwenye tope, kisha hukifungua kabla hajarudi kwenye lami.

Kilichokosekana ni gia nzito za kupandia. RAV4 haijawahi kuwa nazo katika kizazi chochote, na hapo ndipo unapoonekana mpaka kati yake na Land Cruiser. Katika mlima wa mawe, gari likiwa limejaa watu na mizigo, dereva wa gia za mkono hulazimika kuichezea klachi mpaka itoe harufu ya kuungua, na hakuna kitufe kitakachomsaidia. Lakini kwenye barabara ya vumbi, kwenye theluji, kwenye majani yenye umande na hasa kwenye kona za lami, kigari hicho cha uzito wa zaidi kidogo ya tani moja kilikuwa na wepesi na furaha ambayo sijaiona tena katika vizazi vilivyofuata. Kilikuwa na kelele, siti ya nyuma ilibana, na buti la milango mitatu lilitosha mabegi machache tu. Toyota ilitibu kasoro hiyo mwaka 1995 kwa kuleta bodi ya milango mitano yenye urefu wa milimita 4,105, na bila shaka ndiyo iliyoligeuza gari la vijana wasio na familia kuwa gari ambalo mzazi angeweza kulifikiria.

Kuna jambo dogo la mlango wa nyuma. Tairi la akiba lilining'inia juu yake, na mlango wenyewe ulifunguka kwa pembeni kama mlango wa chumba, bawaba zikiwa upande wa kulia kwa mtu aliyesimama nyuma ya gari. Japani, ambako magari hupita kushoto, mpangilio huo una mantiki kamili, kwa kuwa ukiegesha kando ya barabara unapakia mizigo kutoka upande wa watembea kwa miguu. Katika nchi ambazo magari hupita kulia, mlango huo huo husimama kama ukuta kati ya mpakiaji na ukingo wa barabara, naye hulazimika kuuzunguka akiwa upande wa magari. Wateja wa huko walilalamika, lakini mlango uliendelea hivyo kwa vizazi vitatu.

Sambamba na hadithi hiyo kuu ilikuwepo RAV4 ya umeme, ambayo wengi wameisahau. Kuanzia mwaka 1997 hadi 2003 Toyota ilitengeneza RAV4 EV yenye betri za nikeli za takriban kilowati-saa 27, kwa msukumo wa kanuni za California zilizotaka watengenezaji waweke barabarani magari yasiyotoa moshi. Nyingi zilikodishwa kwa mashirika, na ni mwaka 2002 tu ambapo watu binafsi waliruhusiwa kuzinunua. Zile chache zilizobaki mikononi mwa watu ziliendelea kutembea kwa miaka mingi, jambo linalosema mengi kuhusu betri ambazo watu walizidharau. Jaribio la pili lilikuja mwaka 2012, safari hii mfumo wa umeme wenye betri ya kilowati-saa 41.8 ukiwa umetengenezwa na Tesla, lakini gari hilo liliuzwa California kwa idadi ndogo na likasitishwa mwaka 2014. Mara zote mbili Toyota ilikuwa mapema, na mara zote mbili ilirudi nyuma.

Kizazi cha pili cha mwaka 2000 hakinichukulii muda mrefu. Kililainisha sura, kikaongeza nafasi, kikabakiza mfumo wa fowili wa kudumu, na kikaleta toleo la injini ya lita 1.8 lililosukumwa kwa magurudumu ya mbele pekee, yaani RAV4 isiyo na ile 4 ya jina lake. Mnunuzi wa gari lililotumika azingatie injini. Zile za petroli za lita 2.0 za familia ya 1AZ zina bloku ya alumini, na mafundi wengi wanajua kisa cha nyuzi za bolti za silinda hedi kung'oka kwenye bloku hiyo, maji ya rejeta yakaanza kuvuja upande wa nyuma wa injini. Lile toleo la 1AZ-FSE lililouzwa Japani, ambalo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, huongeza tatizo la masizi kwenye njia za hewa. Ukilinganisha na 3S-FE ya zamani, ambayo madai yake makubwa ni kubadilishiwa mkanda wa taiming kwa wakati, hayakuwa maendeleo matupu.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja mwishoni mwa mwaka 2005. Bodi ya milango mitatu ilifutwa. Gari lilirefuka, na masoko mengine yalipewa toleo lenye milimita 2,660 kati ya ekseli, lenye urefu wa takriban mita 4.6 na nafasi ya siti ya safu ya tatu. Huko Amerika Kaskazini liliwekewa hata injini ya V6 ya lita 3.5 yenye nguvu farasi 269, na RAV4 hiyo ikawa miongoni mwa Toyota zenye mwendo mkali kuliko zote za wakati wake, jambo ambalo hakuna aliyeliomba na ambalo nalifurahia mpaka leo. Hata hivyo, ndani ya kizazi hicho ndimo ilimopotea difu ya kati. Mahali pake pakakaa klachi inayoendeshwa na kompyuta: katika hali ya kawaida gari husukumwa zaidi na magurudumu ya mbele, na kompyuta huamua ni lini ya nyuma yasaidie. Dereva alibaki na kitufe cha kuikaza klachi hiyo kwa mwendo mdogo, nayo hujiachia yenyewe mwendo ukizidi takriban kilomita 40 kwa saa. Faida yake ni mafuta kidogo na uzito mdogo. Hasara yake huonekana kwenye mchanga mzito, kwa kuwa klachi inayofanya kazi mfululizo huchemka, na mfumo hujilinda kwa kuacha kusukuma nyuma katika wakati ule ule unaouhitaji.

Kizazi hicho kina kasoro nyingine inayostahili kukaguliwa kabla ya kulipa. Mwaka 2012 Toyota iliyaita magari hayo yarudishwe kurekebishwa nchini Marekani kwa ajili ya mikono ya springi za nyuma: nati zake zisipokazwa barabara baada ya kurekebisha mpangilio wa magurudumu, huanza kucheza, kutu huingia kwenye nyuzi, na hatimaye mkono unaweza kuachana na gari likiwa barabarani. Si kasoro ya kumkimbiza mnunuzi. Ni sababu ya kuinama chini ya gari na tochi, kuangalia kama nati hizo zina kutu, na kuuliza mara ya mwisho magurudumu yalipangwa lini na nani aliyeyapanga.

Kizazi cha nne kilionyeshwa Los Angeles mwishoni mwa mwaka 2012, na kwa maoni yangu ndicho RAV4 iliyochosha kuliko zote kuiendesha, ingawa ndiyo iliyoipa Toyota mafanikio yasiyo na mfano. Injini ya V6 iliondolewa. Mlango wa nyuma sasa ulifunguka kwenda juu, na tairi la akiba likaingia ndani, hivyo malalamiko ya miaka 18 yakaisha. Japani kwenyewe gari halikuuzwa. Kizazi cha tatu kiliendelea kuuzwa huko hadi mwaka 2016. Katika jaribio la IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari kwenye ajali, ambapo kona ndogo ya mbele ya gari hugonga kizuizi kigumu, toleo la mwanzo lilipata alama ya chini kabisa, na Toyota ikalazimika kuimarisha bodi yake baadaye. Pamoja na hayo yote, mwaka 2017 ziliuzwa zaidi ya 400,000 nchini Marekani pekee. Kilichobaki cha maana kutoka kizazi hicho ni haibridi yake ya kwanza, iliyotangazwa mwaka 2015, kwa kuwa ndiyo iliyoamua njia ya kila kilichofuata.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kizazi cha tano, kilichozinduliwa New York mwezi Machi 2018 na kuuzwa Japani mwaka uliofuata, ambako kilishinda tuzo ya gari la mwaka ya 2019-2020. Sura yake ya pembe-pembe ilirudisha ujasiri uliokuwa umepotea, bodi yake mpya ilikuwa ngumu zaidi, na usukani ulianza tena kumwambia dereva kinachoendelea chini ya matairi. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi ni kwamba chini ya sura hiyo moja kuna mifumo mitatu ya fowili isiyofanana. Upo ule rahisi wa petroli wenye klachi moja ya nyuma. Upo wa matoleo ya juu ya petroli, wenye klachi mbili nyuma zinazoweza kupeleka nguvu zaidi kwenye gurudumu la kushoto au la kulia, na wenye vifungo vya meno vinavyoiacha propela shafti, yaani mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma, isizunguke kabisa fowili isipohitajika, ili kuokoa mafuta. Na upo wa haibridi, ambao hauna propela shafti: magurudumu ya nyuma huzungushwa na mota ya umeme ya kilowati 40 iliyokaa peke yake huko nyuma.

Mota hiyo hufanya kazi haraka kuliko klachi yoyote, na kwenye barabara yenye maji au theluji gari huondoka bila kusita. Lakini kilowati 40 ni kilowati 40. Kwenye mwinuko mkali wa udongo laini, magurudumu ya mbele yakishindwa, ya nyuma hayana uwezo wa kulibeba gari lote kama ambavyo propela shafti ingewezesha. Anayepita sehemu za namna hiyo kila wiki achukue petroli yenye klachi mbili. Kwa kila mtu mwingine haibridi ndiyo bora, na kwa tofauti kubwa. Ina jumla ya nguvu farasi 219 na hutumia takriban lita 6 kwa kilomita 100, kiasi ambacho RAV4 ya mwaka 1994, yenye uzito mdogo mno kuliko hiyo, isingeweza hata kukikaribia. Giaboksi yake haina mkanda wala gia za kubadilisha, ina seti ya magurudumu ya meno yanayozungukana kama sayari, inayounganisha injini na mota mbili, ndiyo maana ukikanyaga kupanda mlima injini hupiga kelele ya juu kwanza na mwendo hufuata baadaye. Masikio huzoea, ingawa sijawahi kuipenda sauti hiyo.

Haibridi za mwanzo za kizazi hicho zina mambo mawili ya kuangaliwa. Tangi la baadhi yake lilikataa kujaa, pampu ikijikata mapema na kumwacha mwenye gari na lita pungufu, hadi Toyota ilipotoa marekebisho. La pili ni ghali zaidi: waya wa umeme mkubwa unaokwenda kwenye mota ya nyuma hupita chini ya gari, na katika nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, kama Kanada, kiungo chake kilianza kuliwa na kutu. Waya huo hubadilishwa mzima mzima na bei yake inauma, ndiyo sababu muda wa dhamana yake uliongezwa. Gari lililotoka nchi ya theluji likaguliwe hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Toleo la kuchajiwa la mwaka 2020 ndilo lililonishangaza zaidi. Betri yake ya kilowati-saa 18.1 huliwezesha gari kwenda makumi kadhaa ya kilomita kwa umeme mtupu, na injini na mota zikishirikiana hutoa nguvu farasi 306 zinazolifikisha gari kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 6 hivi. Ile V6 ya zamani imerudi kwa mlango mwingine, safari hii bila kiu. Suzuki iliona gari hilo linafaa kiasi cha kuliuza kwa jina lake yenyewe, Across.

Kizazi cha sita kilitangazwa mwezi Mei 2025, na ndani yake injini ya petroli peke yake imeondolewa katika masoko makubwa: mnunuzi huchagua haibridi ya kawaida au ya kuchajiwa, katika gari ambalo programu zake za kompyuta zimetengenezwa kwa jukwaa jipya la Toyota liitwalo Arene. Kwa matumizi ya mjini na safari ndefu za lami sioni sababu ya kuusikitikia uamuzi huo. Ila pamoja na petroli hiyo umeondoka pia ule mfumo wa klachi mbili na propela shafti yake, kwa hiyo anayehitaji RAV4 inayovuta kwa nguvu kwenye tope atalazimika kutafuta kizazi cha tano kilichotumika, au, akiwa na fundi mzuri na uvumilivu wa kelele, ile ya mwaka 1994 yenye kitufe cha difu.